Kikombe cha Shahidi

Jumamosi mlipokuja kwangu Chamazi mlinikuta uani na jirani yangu Mama Upendo, jua la alasiri limeshalegea, sufuria juu ya mafiga, kuni zinafuka. Mkatoa shikamoo zenu vizuri nikafurahi, maana vijana wengine siku hizi wanasalimia kwa kidevu. Nikawapa chai ya rangi. Wote watatu mkaipuliza, mkaionja, halafu nikaona macho yenu yanatafutana. Rehema, ambaye naona ndo mwenye mdomo kati yenu, akasema kwa adabu zote, "Bibi, samahani, hii chai ina moshi."

Ina moshi, ndiyo, na mie mwenyewe ndo nimeutia. Najua mlichowaza. Huko kazini mmesimuliwa kwamba Bi Somoe alikuwa adui wa moshi, kwamba akifungua tu mlango wa chumba cha kuonjea chai anajua kama kuna mtu alivuta sigara juzi. Sasa mnamkuta anakunywa chai inayonukia jikoni na anajilamba. Mkajisemea bibi kazeeka, ulimi umekwisha. Msijitetee, hata mie ningewaza hivyohivyo.

Kuna mambo mengine mawili tuliyaacha hewani. Moja ni kile kikombe cha tatu. Nilikuwa na changu, Mama Upendo ana chake, na pembeni kimoja kimefunikwa kisahani, ambacho nilikuwa nimeshakidokoa kabla hamjafika, na hakuna aliyekigusa tena mpaka mkaondoka. Mkadhani namsubiri mgeni. La pili ni ile bahasha ya sampuli mliyokuja nayo. Wawili kati yenu mnasema ile chai imeingia moshi kiwandani ilikokaushwa, mmoja anasema haina kitu. Bosi wenu anataka jibu wiki hii, na mlisema wenyewe kwamba mkiandika moshi, yule mtu wa kwenye tanuri huko bara kazi hana. Mkataka ulimi wangu ndo ukate shauri. Nikawaambia iacheni hapo mezani, nitawajibu kwa maandishi.

Jibu ndo hili. Ni refu kidogo, mnivumilie, mstaafu hana wa kumwambia fupisha.

Mie sikusomea chai. Nilitoka Lindi nikafikia kwa shangazi yangu Temeke, nikapata kazi ya kufunga pakiti kwenye kiwanda hichohicho chenu, enzi hizo paa linavuja na paka ni wengi kuliko wafanyakazi. Siku moja nikamwambia msimamizi kwamba chai ya rundo la kushoto inanuka sabuni. Akanicheka, akaniambia nikafunge pakiti. Mzee Mwasomola alikuwa anapita. Huyu ndo alikuwa mkuu wa waonjaji, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mkimya, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akachota majani ya lile rundo, akanusa, akaenda zake stoo. Huko akakuta chai imelala wiki nzima na katoni za sabuni. Chai ni kama mtoto mdogo, ukimlaza na mtu anaamka na tabia zake.

Basi Mzee akaniombea nihamie chumba cha kuonjea. Nilikuwa ndo kwanza nimeolewa, na siku ya kwanza ya kazi mpya nikataka nipendeze. Nikafukiza nguo zangu udi, khanga na gauni, kama nilivyofundwa na wakubwa zangu. Nikaingia najisikia. Mzee hakunyanyua hata kichwa. Akasema, "Binti, umefiwa?"

Yeye Mkristo wa milimani, udi na ubani kwake kitu kimoja, na ubani anaujua wa misibani tu. Nikamwambia sijafiwa, nimeolewa. Akasema hongera, rudi nyumbani ukaoge. Vikombe vyote vya asubuhi ile vikamwagwa kwa sababu yangu, na nikatembea kurudi nyumbani huku nalia barabarani. Toka siku hiyo udi mie ukawa wa siku za mapumziko tu, tena nguo zake nazifungia kwenye sanduku la peke yake. Marehemu mume wangu alinung'unika miaka.

Mzee alifundisha kwa maneno ya kuhesabu. Maji yachemke mara moja tu, alisema, yakichemshwa mara mbili ni maiti. Majani yafunikwe dakika sita, na dakika sita si tano na nusu. Ukichota kwa kijiko usinywe kama mtu, vuta kwa kelele, fyuuu, chai ipande mpaka nyuma ya pua, maana ulimi unajua mambo manne matano na pua inajua yaliyobaki. Halafu teme. Kelele ile iliniponza. Nilikaribishwa ukweni nikavuta mchuzi wa pweza vilevile kwa mazoea, fyuuu, mama mkwe akaweka kijiko chini akaniangalia, na nikashukuru Mungu kwamba angalau sikutema.

Nyie sasa mna birika linalojizima na kompyuta inayowakumbusha dakika. Vizuri tu, siwaonei wivu. Ila kuna kitu sikukiona mezani kwenu siku ile mliyonialika, na sikusema kwa sababu nilikuwa mgeni. Mzee alikuwa na kanuni: katikati ya vikombe usivyovijua, weka kimoja unachokijua. Chai uliyokwisha kuipitisha jana, ambayo huna ugomvi nayo. Alikiita kikombe cha shahidi. Shahidi akiwa safi na wengine wana kasoro, kasoro ni ya chai. Shahidi naye akiwa na kasoro, usimguse mtu, jitazame kwanza wewe, maji yako, vyombo vyako, mafua yako. Alikuwa anasema hakimu asiye na shahidi ni mtu mwenye hasira tu.

Na kwenye kazi yetu hakuna neno linalotaka shahidi kama neno moshi. Mnajua lilivyo. Bara majani yanakaushwa kwa hewa ya moto inayopita kwenye mabomba kutoka tanuri la kuni. Bomba likitoboka, moshi unapenya, chai nzima inaharibika. Sasa ukiandika uchungu, umeandika habari ya majani. Ukiandika moshi, umeandika jina la mtu, yule anayelinda ule moto.

Nilikuwa na miaka mitano mezani Mzee aliposafiri kwenda kumzika kaka yake Tukuyu. Akaniachia chumba. Mwanamke wa kwanza kukaa pale peke yake, mnadhani sikuvimba kichwa? Asubuhi meneja akaniletea sampuli sita za kiwanda kimoja cha Usambara, akataka ripoti kabla ya saa sita. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, madirisha yote wazi, joto la kufa mtu. Mama Upendo akaniletea birika linatoa mvuke kama siku zote. Ndo huyuhuyu wa uani kwangu. Alikuwa mama wa Iringa, mjane mwenye watoto wanne, kazi yake kutuchemshia maji, kuosha vikombe na kufua makoti yetu. Nikapanga vikombe sita. Cha shahidi sikuweka. Nilijiambia kinapoteza muda, ulimi wangu mwenyewe ndo shahidi.

Nikavuta cha kwanza, moshi. Cha pili, moshi. Vyote sita moshi, mwembamba, lakini upo. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo kwamba sita zimefanana mno. Mie nikafurahi. Nikaandika lile neno kwa wino mweusi, nikapiga mstari chini yake, nikapeleka kwa meneja saa nne na nusu, na akanisifia kwa haraka yangu.

Miezi miwili baadaye mlinzi akapiga simu kutoka getini kwamba kuna mtu ametoka Lushoto hataki kuondoka. Aliitwa Hoza, Msambaa mfupi, mikono ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Amekumbatia kopo la bati lililofungwa kwa kitambaa. Akamsalimia Mzee, akamsalimia meneja, akanisalimia mie, akaeleza taratibu kabisa. Yeye ndo alikuwa mlinzi wa moto kwenye kile kiwanda. Baada ya ripoti yetu alisimamishwa, mabomba yakafunguliwa, halikuonekana tundu, lakini wakubwa wake wakasema watu wa Dar hawawezi kukosea. Mwisho wa mwezi anaandikiwa barua ya kufukuzwa. Huko kijijini wameanza kumwita Moshi, na watoto wake wanaitwa hivyo shuleni. Alikuwa ameficha chai kidogo ya mzigo uleule. Hataki fidia, hataki kugombana, anataka ionjwe mbele ya macho yake.

Umeme siku hiyo ulikuwepo. Maji yakachemka, dakika sita zikapita, Mzee mwenyewe akaweka kikombe cha shahidi. Akavuta, akatema. Akanipa kijiko.

Chai ilikuwa safi. Safi kabisa, wanangu, ya milimani, imechangamka, haina doa. Nilisimama na kijiko mkononi, nikijiuliza moshi wa siku ile ulitoka wapi. Nikageuka, nikamwona Mama Upendo mlangoni ameshika birika la umeme kwa mikono miwili, uso umemshuka. Hapo ndo akili ikanijia. Siku ile umeme haukuwepo asubuhi nzima. Birika la umeme lilichemkaje? Miezi miwili sikujiuliza swali hilo dogo. Alikuwa amewasha moto nyuma ya stoo, akachemshia kwenye sufuria isiyo na mfuniko, akamimina kwenye birika ili kazi yangu isisimame.

Na nyuma ya stoo ilikuwa marufuku kuwasha hata kiberiti, kwa sababu ya makaratasi. Mama Upendo alikwishapewa onyo moja kwa kuchoma mahindi palepale. La pili lilikuwa ni kufungasha. Nikamtazama Hoza, nikamtazama yeye. Nikisema ukweli wote, namrudisha mmoja kazini na kumtoa mwingine, na wote wawili wameponzwa na mie.

Meneja akauliza, sasa moshi ulitoka wapi?

Nikasema, "Kwangu. Siku ile nilivaa nguo zenye udi. Na sikuweka kikombe cha shahidi."

La pili lilikuwa kweli. La kwanza mnalijua. Sisemi muige, nawaambia nilichofanya. Meneja akafoka, nami nilistahili. Mzee Mwasomola akanitazama, kisha akavuta karatasi akaanza kuandika barua ya kumsafisha Hoza, palepale, kwa mkono wake. Nikamwendea Hoza kumwomba radhi. Nilijua nimemfanyia mtu ubaya ambao pole haiutoshi, na nikamwambia hivyo.

Alikuwa na haki ya kunitukana na nilimngojea anitukane. Akachukua kile kikombe cha chai yake, akakisukuma mbele yangu.

"Dada," akasema, "hii usiteme."

Miaka mitano nilikuwa naonja chai za watu na kuzitema. Nikainywa yote, imeshapoa, machozi yananidondoka humohumo. Akarudi kwao jioni ile na barua mfukoni, na wiki hiyohiyo akarudi kwenye moto wake.

Tulipotoka kazini Mama Upendo akanisubiri karibu na geti. Sikutaka anishukuru na yeye hakunishukuru. Akasema, "Somoe, wewe hujawahi kuja na udi tangu ile siku ya kwanza."

Nikamuuliza anajuaje.

"Makoti yenu nafua mie," akasema, akashika njia yake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu hata kona haikufika. Nilirudishwa kwenye pakiti miezi sita, nikafunga chai kimya kimya, wasichana wapya wakinicheka kwamba ndo yule wa udi. Siku niliyorudi mezani Mzee alikuwa amenipangia vikombe tayari, cha shahidi kimekaa katikati. Akanikabidhi kijiko changu, halafu kwa sauti ya chini akaniuliza ni udi wa wapi ule unaoacha jivu la mbao za makasha nyuma ya stoo. Nikakosa pa kuweka uso. Akasema vuta chai, itapoa. Hatukulizungumza tena mpaka alipostaafu, na Mungu amlaze pema.

Sasa mnajua kwa nini moshi na mie hatuna ugomvi tena. Hoza alistaafu kabla yangu. Ana vichaka vyake vichache vya chai nyuma ya nyumba, anakausha mwenyewe juu ya moto wa kuni, na kila baada ya mavuno ananitumia kifurushi kwa basi, kimeandikwa kwa kalamu, "Udi wa Bi Somoe." Mtu yule ana dharau za kistaarabu. Ukiinywa peke yake inakaba, utadhani umelamba ukuta wa jikoni. Mie nachanganya mafungu matatu ya chai safi ya dukani na fungu moja la ile ya Hoza. Maji yakichemka naepua ndo natia majani, nafunika, nasubiri. Sukari siweki kabla sijaonja. Tukipata na muhogo wa kuchoma basi mchana wetu umekamilika. Moshi unakuja mwishoni kabisa, umeshameza, unakugusa kidogo kooni na kuondoka. Moshi uliouweka mwenyewe, kwa kipimo, ni kiungo kama iliki. Kasoro ni ule usiojua ulikotoka.

Na kile kikombe cha tatu mmeshakielewa. Ni chai safi tupu, ya maji yaliyochemshwa kwenye gesi. Mama Upendo, ambaye alinifuata huku Chamazi akanunua kiwanja cha pili kutoka changu, ndo anayeniwekea kila alasiri. Kwanza nadokoa cha shahidi, halafu nakunywa changu cha moshi. Yeye anasema ni mchezo wa watoto. Mie nilikuwa nasema ni mazoea ya kazi.

Sampuli yenu inarudi na barua hii, bahasha sijaifungua. Wekeni kikombe cha shahidi. Onjeni watatu, kila mtu aandike kivyake bila kumchungulia mwenzake. Waulizeni wanaowachemshia maji wamechemshia wapi, na muwaulize kwa upole, ili wasiogope kuwajibu. Mkiona bado mnabishana, kapandeni basi mkamwone huyo mtu na tanuri lake kabla hamjaandika neno.

Mtasema bibi katuzungusha, angeonja mara moja akamaliza. Ningependa. Lakini Alhamisi iliyopita, siku mbili kabla hamjaja, tulikaa palepale uani. Nikadokoa kikombe cha shahidi, nikashusha, nikanywa cha moshi. Nikarudi kwenye cha shahidi. Nikarudi kwenye cha moshi. Vilikuwa kitu kimoja. Nikavuta kwa kelele kama zamani, fyuuu, nikasubiri chai ipande nyuma ya pua, hakikupanda kitu. Nadhani ile kurudiarudia vikombe ndo ilimshtua Mama Upendo, maana aliacha kumenya muhogo. Akachukua kikombe changu akaonja. Akachukua na cha shahidi akaonja. Akavirudisha mbele yangu polepole, kimoja kimoja.

"Kuni za leo kavu mno, Somoe," akasema. "Hazikutoa moshi hata kidogo."

Kuni zile niliziokota mwenyewe asubuhi, baada ya mvua, na majani ya Hoza niliyatia kwa mkono wangu. Nikamwambia kweli, kavu mno, nikanywa chai yangu mpaka ikaisha.